Tofali Ambalo Hakuna Aliyelichoma

Vijana wangu,

Mtanivumilia mwandiko. Mkono huu ulizoea mwiko kuliko kalamu, na mistari yangu imepinda kama ukuta uliojengwa bila kamba. Shule niliishia darasa la sita, na hata huko nilikaa nyuma kabisa ili nisiulizwe kitu. Ninaandika polepole, chai yangu imepoa kabla sijamaliza sentensi hizi chache. Mkikuta neno limekosewa, lirekebisheni wenyewe, mradi maana ibaki yangu.

Nawaandikia ninyi mnaojifunza uashi hapa Mutakura, kwa sababu juzi mmoja wenu alinisimamisha njiani akaniuliza, "Mzee, mutu anaweza kujenga tanuru na matofali ya kuokotaokota, na ikakuwa nzuri?" Nikaitikia kwa kichwa tu, nikaenda zangu. Aibu hii nilizaliwa nayo. Ujanani waliniita Bubu, na si kwa sababu nilikuwa bubu. Lakini jibu lipo, ni refu, na sina aibu ya neno lake hata moja.

Mimi nilikuwa fundi wa matanuru ya mkate. Hiyo tu. Sikujenga ghorofa. Ila ukila mkate katika mitaa yetu hii, Buyenzi, Bwiza au Mutakura, huenda umeiva juu ya kazi ya mikono yangu, na wewe hukujua. Napenda iwe hivyo. Mtu akila mkate akamfikiria mwashi, ujue kuna mchanga ndani.

Aliyenifundisha ni Fundi Sefu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa mtu wa Buyenzi, kofia haimtoki kichwani, na hakuamini kitu ambacho hajakigonga. Alichukua tofali akaliweka sikioni na kuligonga kwa ukucha. Lililoiva hulia kama chungu kipya. Lisiloiva husema "pu", kama tumbo la mtu aliyeshiba. Udongo wa kichuguu aliuonja kwa ulimi. Ukikwaruza meno, una mchanga mwingi, utapasuka kwa moto. Ukiteleza sana, utanywea. Nilionja udongo mwingi kuliko sukari katika miaka ile, na mpaka leo nikipita karibu na kichuguu ulimi unaniwasha.

Siku hizi mnatazama simu mkajua joto. Vizuri. Lakini igongeni tofali kwanza.

Mambo ya kuchekesha yalikuwapo. Kuna bomba la moshi tulilielekeza ziwani bila kufikiri. Ilipofika alasiri upepo wa Tanganyika ukaupuliza moshi wote kwenye duka la jirani aliyeshona kanzu. Alikuja amekunja uso, ananusa mkono wa kanzu inayonukia mkate. "Sefu, wateja wangu wanasali na njaa," alisema. Tuligeuza bomba. Kabla hamjaweka bomba la moshi, kaeni hapo alasiri moja nzima, msifanye kitu, mtazame upepo. Tajiri wa kazi atadhani ninyi ni wavivu. Mwacheni adhani.

Sasa nije kwenye tanuru la Mama Zaina.

Mama Zaina alianza na beseni la maandazi kichwani, akaishia kuwa na duka lake la mkate hapa Mutakura, karibu na soko dogo. Mikate yake ilikwenda bandarini alfajiri, kwa wapakizi wanaobeba magunia ya simenti na chumvi kutoka kwenye meli za Kigoma. Kiongozi wao alikuwa Kapita Lukas, mtu mwenye mabega kama mlango na mdomo usiofungika. Wapakizi ndio walioishikilia biashara ile. Bila wao, Mama Zaina angerudi kwenye beseni, na yeye mwenyewe alilisema hilo waziwazi.

Tanuru lake la zamani lilibomoka, akatuita tujenge jipya. Lilikuwa la aina ambayo moto unawaka chini, mkate unakaa juu ya sakafu, na joto linapanda kupitia sakafu ile. Basi sakafu ndiyo tanuru. Kwenye eneo la viwanda kulikuwa na mtambo wa mvuke uliokuwa ukibomolewa, na Mama Zaina akapata kule matofali ya refrakteri, yale meupe mazito yanayostahimili moto. Aliyapenda kama vyombo vya arusi. Aliyafunika kwa kitenge. Tatizo ni kwamba yalitosha nusu tu ya sakafu. Nusu nyingine ilibidi iwe matofali yetu mekundu ya kawaida. Na haya mawili hayafanani tabia: jeupe lile linapitisha joto upesi, jekundu linachelewa.

Kwetu sisi kulikuwa na desturi. Kitu kizuri alichonunua tajiri wa kazi hukaa mbele, ili akiinama mdomoni mwa tanuru akione. Fundi Sefu alikiita "tofali la heshima". Tukaweka meupe yote mbele, mekundu nyuma. Mikate ya mbele ikaungua, ya nyuma ikatoka mibichi. Mama Zaina alivunja mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma, akampa kila mmoja wetu nusu nusu, akasubiri tule.

Tukabomoa sakafu. Safari hii Sefu akapanga jeupe, jekundu, jeupe, jekundu, kama ubao wa drafti. Ilikuwa nzuri kuitazama, wallahi. Mikate ikatoka na madoa: hapa meusi, hapa meupe, kwa sababu kila mkate ulilala juu ya matofali mawili au matatu na kila tofali liliandika jina lake.

Kapita Lukas alikuja mwenyewe na mkate mmoja mkononi, ameushika kama mtu anavyoshika panya.

"Mama Zaina, hii ni mkate ao ni ngozi ya chui?"

"Kula, Kapita. Tumbo haina macho."

"Tumbo ya vijana yangu iko na macho. Jana mumoja aliuweka chini akasema unamuangalia." Kisha akaacha mzaha. "Mi nakuheshimu, Mama. Ntangoja mpaka juma ijayo. Ikitoka tena chui, ntachukua kwa mwengine."

Nyuma ya duka palikuwa na chumba alichopanga Mwalimu Bahati, Mkongomani wa Uvira aliyevuka mpaka na mkoba mmoja. Alifundisha hesabu katika shule ya sekondari. Alikuwa mpole, koti lake moja, kila jioni ananunua mkate mmoja. Siku ile aliununua ule wa chui. Akaugeuza, akautazama chini, akautazama juu, akaanza kutabasamu. Sefu akaudhika.

"Unacheka kazi yetu, Mwalimu?"

"Apana, Fundi. Nacheka kwa sababu hii kitu niliisoma miaka mingi, na ni leo nimeishika." Akaketi juu ya gunia la unga. "Shida yako si matofali. Shida ni kwamba tofali ni kubwa kuliko mkate."

Akatueleza. Naandika kama nilivyoelewa, na kama kuna aliyefika chuo kikuu miongoni mwenu, anisahihishe. Alisema kuna hesabu inayoeleza jinsi joto linavyotembea ndani ya kitu: joto la mahali hapa linategemea joto la majirani zake, na linategemea namba ya mahali hapa, namba inayosema panapitisha upesi au panachelewa. Kitu kikiwa cha aina moja, namba ni moja, kazi rahisi. Lakini kitu kikiwa kimechanganywa ovyo, kila mahali pana namba yake, na namba hizo zimetupwa kwa bahati nasibu, kama mtu aliyerusha sarafu kwa kila punje. Nani atazijua zote? Hakuna.

"Sasa uajabu wake ni huu," alisema Mwalimu. "Vipande vikiwa vidogo sana kuliko kitu unachotaka kupika, na vikichanganywa kwa bahati ya haki, mkate hauoni vipande tena. Unaona tofali moja. Tofali lenye namba moja tu. Na tofali hilo hakuna mutu aliyelichoma popote."

"Namba yake ni ya katikati?" Hilo nililiuliza mimi. Sefu aligeuka kunitazama, maana Bubu amesema mbele ya mgeni.

Mwalimu akachukua vipande viwili vya tofali. Akakiweka chekundu chini na cheupe juu. "Ukipanga tabaka hivi, moto lazima upite kwote. Mvivu anaamua mwendo wa wote." Akavisimamisha bega kwa bega. "Ukipanga hivi, moto unakimbilia kwa mweupe, mwekundu anabaki kutazama. Vitu ni vile vile, nusu kwa nusu, lakini joto si moja. Ukichanganya ovyo, moto unakwepakwepa kama mutu sokoni, na namba inakaa kati ya hizo mbili. Lakini si katikati kamili. Iko chini kidogo. Ukitaka kuijua, uhesabu zile kona zote za kukwepa, ao upime."

"Basi tupime," alisema Sefu, kwa sababu neno hilo alilielewa.

Tulikuwa na vipande vya matofali yaliyovunjika kwenye kazi. Nikavigonga mpaka vikawa kama maharage makubwa, nikachanganya na udongo wa kichuguu, nikajaza makopo matatu ya nyanya, kila moja nusu vyeupe, nusu vyekundu. Tukayaweka juu ya makaa, na juu ya kila moja kipande cha mshumaa. Saa ya Mwalimu ilikuwa imekufa. Lakini kwetu hatuwashi tanuru jipya bila kulisomea Kurani, na mimi sura moja ndefu naijua kwa moyo tangu madrasa, mwendo wangu haubadiliki, basi kusoma kwangu ndiko kukawa saa. Nikaanza kusoma. Mshumaa wa kwanza ukayeyuka nikiwa bado mwanzoni. Wa pili ukayeyuka nikikaribia mwisho. Wa tatu nilimaliza, nikaomba dua, bado umesimama.

Sefu akapiga makofi mara moja. "Makopo matatu, majibu matatu. Hesabu yako imekufa kama saa yako, Mwalimu."

Mwalimu hakukasirika. Akafurahi zaidi. "Kopo ni dogo mno, Fundi. Ndani ya kopo bahati bado inacheza. Leta kitu kikubwa."

Tukakata pipa la mafuta katikati, tukajaza nusu mbili. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo nimelifundisha kwa kila niliyefanya naye kazi. Nilipokuwa najaza, mkono wangu ulikuwa unachagua. Nikiona vyeupe viwili vimekaa pamoja, nakiondoa kimoja. Sefu vilevile, tena yeye kwa ukali zaidi. Mwashi hawezi kuona vitu vimelundikana akanyamaza. Ndivyo tulivyofundishwa, ndiyo ustadi wetu. Mwalimu akatushika mikono.

"Muache. Bahati ya kweli iko na malundo. Mukipanga, mumerudi kwa drafti."

"Lakini ni mbaya, tazama," alisema Sefu.

"Ni mbaya kwa jicho lako. Moto hauna jicho."

Tukavimwaga vyote, tukavichanganya kwa koleo kama zege, tukajaza bila kutazama. Sefu alifumba macho kabisa, na kofia akaivuta mpaka puani. Ukitaka kujua uchungu wa fundi, mwambie afanye kazi vibaya kwa makusudi.

Nikasoma tena. Katika nusu zile mbili za pipa hapakuwa na kipande kilichokaa mahali sawa na mwenzake. Niliposoma, nikafika kwenye aya fulani katikati, nikaona mshumaa wa kwanza unalainika, unainama. Nikaendelea kidogo. Kabla sijaimaliza aya ile ile, wa pili ukainama. Niliisoma aya ile mara mbili. Mwalimu, ambaye ni Mkristo na hakujua nasoma nini, alinitazama usoni akajua. Akavua koti lake. Sijui kwa nini alivua.

Basi sasa mnaelewa kilichobaki. Tuliyopima yalikuwa makombo. Ili kujenga sakafu nzima kwa namna ile, ilibidi kuyavunja yale matofali meupe ya Mama Zaina, yote, ambayo tulikuwa tumeshayang'oa sakafuni naye akayafunika tena kwa kitenge. Tofali zima unaweza kuling'oa ukalitumia tena. Ukilivunja kama maharage, limekwisha. Tukikosea, hana tanuru, hana matofali, na Kapita anakwenda kwa mwengine.

Sefu alikataa. "Mi sijazaliwa kuvunja refrakteri. Nitamuambia nini baba yangu kaburini?"

Mama Zaina alikuwa amesimama kwenye mlango, unga mpaka kwenye viwiko. Hakumuuliza Mwalimu, hakumuuliza Sefu. Aliniuliza mimi. "We Bubu, ndiye ulisoma. Uliona nini?"

Nikasema, "Mishumaa iliinama kwa aya moja, Mama."

"Aya moja?"

"Moja."

Akaenda akavuta kitenge. Akachukua tofali la juu, akanipa mkononi, akarudi ndani asione. Nikaligonga kwa ukucha kwanza, sikioni, kama nilivyofundishwa. Lililia vizuri sana. Kisha nikalipiga nyundo.

Baada ya matofali kadhaa nikasikia nyundo nyingine pembeni yangu. Fundi Sefu alikuwa amechuchumaa, anavunja, anasema "astaghafirullah" kwa kila pigo.

Sakafu tuliijaza kina cha mkono mpaka kiwiko, tukaisakafia juu kwa udongo laini ngozi nyembamba tu, tukaikausha kwa moto mdogo. Hapo msiharakishe kamwe. Udongo unaokimbizwa hupasuka. Mwalimu alituonya jambo moja: kwamba karibu na ukuta hesabu yake haina nguvu, maana kule vipande vinakutana na kitu kigeni, na lile tofali moja halijapata nafasi ya kuwa moja. Tukakubaliana kwamba upana wa kiganja kando ya ukuta hauwekwi mkate. Tena tukaongeza kuni kuliko Sefu alivyozoea, kwa sababu namba iko chini ya katikati.

Siku ya kuoka Kapita Lukas alikuja kabla hajaitwa, na wapakizi kadhaa wamemfuata kuona chui. Mama Zaina akatoa mikate ya kwanza kwa pao refu la kutolea mikate. Hakutazama juu. Akaugeuza mmoja, akautazama tumboni, akaugonga kwa kidole sikioni kwake, vile vile Sefu anavyogonga tofali. Akachukua wa katikati, akaugonga. Akachukua wa nyuma. Rangi ilikuwa moja, kahawia ya asali, kutoka mdomoni mwa tanuru mpaka nyuma.

Akampa Kapita. Kapita akaugeuza na kuugeuza.

"Chui amekwenda wapi?" aliuliza.

"Tumemvunja vipandevipande," alisema Sefu. "Yuko humo ndani."

Kapita akala mkate wote akiwa amesimama, jambo ambalo halikuwa desturi yake, kwa kuwa alipenda kusema. Kisha akasema tu, "Alfajiri, Mama. Kama kawaida," akaondoka na watu wake. Mama Zaina akakaa juu ya gunia lile alilokalia Mwalimu, akafunika uso kwa kitenge kilichokuwa cha matofali. Sisi tukajifanya tunaosha koleo.

Mwalimu Bahati alihama miaka kadhaa baadaye, akaenda kufundisha mbali. Kabla ya kuondoka aliniambia hesabu ile ina jina refu la Kifaransa, na kwamba wenye akili nyingi duniani bado wanaifanyia kazi. Akasema, "Na we uliifanya kwa nyundo." Jina nimelisahau. Hilo la pili sikulisahau.

Mimi na Sefu tulijenga matanuru mengi baada ya lile, kwa refrakteri za mitambo mikuukuu, mabaki ya vigae, chochote kisichopasuka. Kanuni ni zile: kipande kiwe kidogo sana kuliko mkate, changanya kwa haki, pima kwa chombo kikubwa, heshimu ukingo, na uzuie mkono wako. Hili la mwisho ndilo gumu. Sefu hakulizoea mpaka anakufa. Alifumba macho kila tulipojaza.

Tanuru la Mama Zaina linawaka hadi leo, lipo kwa binti yake Zaina. Lakini mimi ni mwashi, najua hakuna tanuru la milele. Kuna siku mmoja wenu ataitwa kulibomoa. Atainua ile ngozi ya juu, ataona vipande vyeupe na vyekundu vimetupwa hovyo, hapa vimelundikana, pale vimepungua, na atasema, ni mwashi gani mlevi aliyefanya kazi hii? Asiseme. Akae, avitazame. Pale palipo na lundo kubwa la vyeupe, karibu na mdomo upande wa kushoto, ajue fundi mkubwa, Sefu, alifumbua macho hapo, mkono wake ukataka kuliondoa, na haukuliondoa.

Siku hiyo mniandikie. Iacheni barua kwa Zaina, itanifika. Nielezeni lundo lile mmelikuta vipi, na ninyi mnachanganya nini katika kazi zenu. Mwandiko wenu ukiwa mbaya, hapana shida. Mimi nasoma polepole pia.